Nyuzi Kumi na Sita

Maji yakishachemka hayaongezeki joto. Mpishi anaweza kuchochea mkaa, au akafungua gesi mpaka mwisho. Sufuria iliyo wazi pale Bagamoyo au Malindi itabaki kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, na kinachoongezeka ni mvuke unaopotea hewani. Kwa mapishi ya kila siku nyuzi hizo zinatosha. Lakini anayetaka kufunga maharage, nyama au samaki ndani ya chupa na kuviweka kabatini kwa miezi mingi bila friji anahitaji nyuzi 116. Ufundi wote wa kusindika chakula kwa presha, na sufuria nzito, na geji, na vifuniko vyake, upo kwa ajili ya hizo nyuzi 16 za ziada.

Gharama ya kuzikosa ilionekana Lancaster, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, Aprili 2015. Jumapili ya tarehe 19 waumini wa kanisa moja walikula pamoja, kila mtu akichangia chakula alichopika nyumbani kwake. Siku mbili baadaye hospitali ya mji huo ilitoa taarifa ya mgonjwa aliyekuwa na dalili za kutisha. Saa mbili hazijapita, wakaingia wengine wanne wenye hali ile ile, na alasiri hiyo mmoja wa wagonjwa akafariki kwa kushindwa kupumua. Kati ya watu 77 waliokula, 29 waliugua, na 11 kati yao walilazimika kupumua kwa msaada wa mashine. Serikali ilituma dozi 50 za dawa ya kupambana na sumu kutoka akiba ya taifa.

Wachunguzi waliufuata mlo ule sahani kwa sahani hadi wakafika kwenye saladi ya viazi. Viazi vyake vilikuwa vimesindikwa nyumbani. Chupa zilifungwa, zikachemshwa ndani ya maji kama zichemshwavyo chupa za jemu, kisha siku ya kula vikatolewa na kutiwa kwenye saladi bila kupashwa moto tena. Presha haikutumika.

Ugonjwa wenyewe ni botulizimu. Huletwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambaye makao yake ni udongo, na kwa hiyo hufika jikoni kila siku juu ya viazi, karoti, maharage na mboga za majani. Akiwa huko hana madhara kwa mtu mzima mwenye afya. Hupenda mahali pasipo na hewa, penye unyevu, pasipo na uchachu, na pasipo baridi. Akipapata huzaliana na kutoa sumu. Chupa ya maharage iliyofungwa vizuri na kuwekwa kabatini ina masharti hayo yote manne. Sumu hiyo hulegeza misuli: kope huanguka, mtu huona kitu kimoja kama viwili, ulimi huwa mzito, kumeza huwa shida, na mwisho misuli ya kupumua husimama. Chakula chenye sumu hiyo huweza kuwa na rangi yake ile ile, harufu yake ile ile, na ladha yake ile ile. Mpishi aliyezoea kuuliza pua na ulimi, na waliomfundisha wote walifanya hivyo, hapa hana wa kumuuliza.

Inafaa kutenganisha vitu viwili ambavyo wengi huvichanganya. Sumu yenyewe ni dhaifu mbele ya moto: dakika 10 za kuchemka huivunja. Bakteria mwenyewe akiwa katika hali ya spora, yaani amejifungia ndani ya ganda akisubiri nafasi, ni kitu kingine kabisa. Mwaka 1922 watafiti wawili wa Marekani, Esty na Meyer, walichapisha vipimo ambavyo viwanda vya vyakula vya makopo vinavitegemea hadi leo. Walikuwa wamesukumwa na vifo vilivyotokana na zeituni za chupa na makopo kutoka California, miaka ya 1919 na 1920. Waligundua kwamba spora sugu huweza kustahimili maji yanayochemka kwa dakika 330, karibu saa tano na nusu. Kwenye nyuzi 115 zilikufa ndani ya dakika kama 10. Kwenye nyuzi 120, dakika 4.

Namba hizo tatu ndizo sababu ya sufuria ya presha kuwapo. Hakuna familia itakayochemsha chupa saa tano na nusu, na ikifanya hivyo itapata uji badala ya viazi. Kupandisha joto kidogo kunafanya kazi ambayo kuongeza muda hakuiwezi.

Kisayansi jambo hili ni jipya, ingawa kufunga chakula kwenye chupa ni kwa zamani. Mfaransa Nicolas Appert, mtengenezaji wa peremende, alipewa na serikali yake faranga 12,000 mwaka 1810 kwa kuonyesha kwamba nyama, mboga na matunda yaliyozibwa kwenye chupa za kioo na kuchemshwa hayaozi. Appert hakujua kwa nini. Louis Pasteur hakuwa amezaliwa. Na sufuria yenyewe ilimtangulia Appert kwa zaidi ya karne: Denis Papin, Mfaransa mwingine aliyekuwa akifanya kazi London, alitengeneza chombo cha kupikia kwa mvuke uliobanwa mwaka 1679, akakiwekea vali ya usalama ili kisipasuke. Mfinyo wa mvuke ndani ya chombo kilichofungwa huyazuia maji yasichemke mapema, na kwa hiyo huyaruhusu kupanda joto kupita 100. Vali ile ya Papin bado iko, kwa sura nyingine, juu ya kila sufuria ya presha duniani.

Hapa ndipo msomaji wa Afrika Mashariki huuliza swali la haki: presha kuka iliyoko jikoni, ile inayoivisha maharage kwa nusu saa, haifai? Kwa kula leo inafaa sana. Kwa kusindika, hapana, na sababu haiko kwenye nguvu zake. Majedwali ya muda yaliyojaribiwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani yalipimwa kwa sufuria kubwa, ambayo huchukua muda mrefu kupata joto na muda mrefu kupoa. Dakika hizo za kupanda na kushuka ni sehemu ya dawa. Presha kuka ndogo hupanda upesi na hupoa upesi, na hivyo chakula hukosa joto ambalo jedwali limelihesabu bila kulitaja. Kanuni ya wizara hiyo ni kwamba sufuria ya kusindikia iwe na nafasi ya kusimamisha angalau chupa nne za lita moja. Vyungu vya umeme vyenye kitufe cha presha navyo havijaingizwa katika majedwali hayo.

Sufuria za kazi hii ni za aluminiamu nzito, na zinagawanyika kwa namna zinavyopima presha. Ya kwanza ina geji ya mshale, kama ile ya fundi wa matairi. Ya pili ina kizito kidogo cha chuma kinachokalia tundu la mvuke na kucheza au kutikisika presha inapofika pauni 5, 10 au 15. Ofisi za ugani za kaunti nyingi Marekani huwapimia watu geji za mshale, kwa sababu geji hiyo huweza kuanza kudanganya bila mwenyewe kujua, na inashauriwa ipimwe kila mwaka. Kizito hakidanganyi, kwa kuwa uzito wake haubadiliki. Kwa anayeishi mahali ambapo hakuna wa kumpimia geji, na hapo wamo karibu wote watakaosoma sura hii wakiwa Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo, sufuria ya kizito ndiyo ya kununua. Ushauri huo hauna mjadala mrefu.

Mwinuko wa ardhi ndio unaofuata, na hapa ukanda wetu unahusika kuliko nchi nyingi. Kila mtu anapopanda kama mita 300, maji huchemka kwa nyuzi pungufu kama moja. Kwenye mitaa ya Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 94. Mbeya hali ni karibu hiyo hiyo. Presha inayotosha Tanga haitoshi Arusha. Kwa geji ya mshale, jedwali linataka pauni 11 kuanzia usawa wa bahari hadi mita 610, pauni 12 hadi mita 1,220, pauni 13 hadi mita 1,830, na pauni 14 hadi mita 2,440. Kwa kizito mambo ni mepesi zaidi: pauni 10 hadi mita 305, na pauni 15 kwa yeyote aliye juu ya hapo. Kwa hiyo wa Dar es Salaam na Mombasa watumie 10. Wa Mwanza, Kampala, Kigali, Dodoma na Bukavu watumie 15. Kitabu cha maelekezo kilichokuja na sufuria kinaweza kuwa kimeandikwa kwa mtu wa pwani, na mwenye kukifuata neno kwa neno akiwa Njombe atakuwa amesindika chini ya kipimo bila kujua.

Zoezi la kwanza lisiwe na chakula. Mwenye sufuria mpya atie maji kimo cha sentimita 5 hadi 7, aweke kichanja cha chini, afunge kifuniko na kukaza vishikizo, awashe jiko, na akae hapo. Mvuke utaanza kutoka kidogo kidogo, kisha utasimama kama nguzo nyeupe juu ya tundu. Tangu nguzo hiyo isimame zihesabiwe dakika 10 kamili kwa saa kabla ya kuweka kizito.

Hatua hiyo ndiyo inayorukwa na wengi, na haifai kurukwa hata mara moja. Hewa iliyobaki ndani ikichanganyika na mvuke, geji itaonyesha presha inayotakiwa huku joto halijafika. Mshale utakuwa umesema kweli kuhusu mfinyo, na chakula kitakuwa hakijaiva vya kutosha kuua spora. Dakika 10 hizo ni za kuifukuza hewa.

Baada ya kuweka kizito, presha hupanda ndani ya dakika chache. Hapo ajifunze kuushusha moto mpaka kizito kicheze kwa mwendo mmoja bila kupayuka. Jiko la gesi ndilo rahisi zaidi kwa kazi hii. Mkaa hupanda na kushuka wenyewe, na presha ikishuka chini ya kiwango hata kwa muda mfupi, sheria ni kurudisha presha na kuanza kuhesabu upya tangu sifuri. Aliyebakiza dakika 5 kati ya 90 anaanza tena 90. Mtu atakayejaribu hivyo na maji matupu mara mbili tatu atakuwa ameujua moto wake kabla hajauamini na kilo za nyama.

Chupa nazo si chupa yoyote. Zinazotumika Marekani zimeshuka kutoka kwa hataza ya John Landis Mason ya mwaka 1858: kioo kinene, mdomo wenye nyuzi za kusokotea. Kifuniko cha siku hizi ni vipande viwili, yaani bati bapa lenye ukingo wa mpira, na pete ya kulishikilia. Pete hutumika miaka na miaka, bati hutumika mara moja. Chupa zilizokuja na mayonezi au siagi ya karanga kutoka dukani hupasuka kirahisi zaidi ndani ya sufuria ya presha, na vifuniko vyake havikuundwa kuzibwa upya. Bora zitunze viungo.

Chakula cha kuanzia kiwe maharage makavu. Ni ya bei nafuu, huliwa kila wiki, na jedwali lake limenyooka. Yachambuliwe, yalowekwe saa 12 hadi 18, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemshwe kwenye maji mapya kwa dakika 30. Yatiwe kwenye chupa za moto pamoja na maji yake, na chumvi kwa anayetaka, na juu pabaki nafasi ya sentimita 2.5, kwa kuwa chakula kitavimba na kutokota ndani. Mapovu yatolewe kwa kijiti cha mbao au plastiki, mdomo wa chupa ufutwe kwa kitambaa safi, kwani punje moja ya chumvi au tone la mafuta linatosha kuharibu mzibo. Pete ikazwe kwa ncha za vidole tu, si kwa nguvu za mkono, ili hewa ya ndani ipate njia ya kutoka. Muda: dakika 75 kwa chupa za nusu lita, dakika 90 kwa chupa za lita.

Kwa nini 75, ikiwa Esty na Meyer walisema dakika 10 zinatosha kwenye nyuzi 115? Kwa sababu dakika zao zilikuwa za spora yenyewe iliyokwisha kufikiwa na joto. Katika chupa, joto huanzia kwenye kioo na kusafiri polepole hadi katikati, na punje iliyo katikati ndiyo inayoamua. Ukishalielewa hilo, masharti mengi yaliyoonekana kama ukali usio na maana yanakuwa na akili. Chupa kubwa inahitaji muda mrefu kuliko ndogo. Vipande vikatwe kwa ukubwa uliotajwa. Boga lisindikwe vipande, kamwe lisipondwe, kwa kuwa uji mzito wa boga huzuia joto kupita, na hakuna muda wa nyumbani uliothibitishwa kwa ajili yake. Unga wa kuongezea uzito kwenye mchuzi, tambi, maziwa na siagi hukaa nje ya chupa kwa sababu hiyo hiyo. Makande nayo hayana jedwali lake. Lakini maharage yakiwa tayari chupani, kinachobaki ni kuchemsha mahindi, na kitunguu, nyanya na tui vikaingia siku ya kula.

Presha haihitajiki kwa kila kitu. Vyakula vyenye uchachu wa pH 4.6 au chini yake, kama jemu, mananasi na achari ya siki, vinamzuia bakteria yule kuota, na hivyo maji yanayochemka yanatosha. Nyanya ziko mpakani. Kwa hiyo huongezwa maji ya limau ya chupa, vijiko viwili vya mezani kwa kila lita. Ya chupa, kwa kuwa asidi yake hupimwa kiwandani, na ya limau la sokoni hubadilika toka tunda hadi tunda.

Muda ukiisha jiko lizimwe na sufuria iachwe. Hapa subira ina kazi yake. Kuimwagia maji baridi au kunyanyua kizito ili iishe presha haraka huwa hatari kwa mpishi, hunyonya maji ya chupa, na hukatisha joto la kupoa ambalo jedwali limelihesabu. Presha irudi sifuri yenyewe, kizito kiondolewe, zipite dakika 10 nyingine, ndipo kifuniko kifunguliwe kwa kukielekeza mbali na uso. Chupa zipangwe juu ya taulo zikiwa zimeachana, zipoe saa 12 hadi 24 bila kukazwa tena. Bati lililoziba limezama katikati na halichezi likibonyezwa. Ambalo halikuziba chupa yake iende friji iliwe, au isindikwe upya ndani ya saa 24 kwa bati jipya na kwa muda kamili. Pete zivuliwe, chupa zioshwe, ziandikwe jina na tarehe, zikae mahali pa giza na penye ubaridi kadiri nyumba inavyoruhusu. Ubora wake unahesabiwa kwa mwaka mmoja.

Siku ya kufungua, chupa iliyovuja, iliyovimba kifuniko, iliyoruka povu au yenye harufu ngeni haionjwi, hata kwa ncha ya ulimi. Iliyo nzima nayo, kwa vyakula visivyo na uchachu, ichemshwe dakika 10 kabla ya kuliwa, na dakika moja iongezwe kwa kila mita 300 za mwinuko. Nairobi zinakuwa kama 16. Kinga hiyo ya mwisho ndiyo iliyokosekana kwenye saladi ya Lancaster.

Aliyefanikiwa na maharage mara kadhaa ana njia pana mbele yake. Mchicha huchukua dakika 70 kwa nusu lita. Nyama ya ng'ombe ya vipande, na kuku asiye na mifupa, ni 75 na 90 kama maharage. Nyama mbichi hupangwa chupani bila kuongezwa maji, ikatoa mchuzi wake yenyewe. Samaki ndiye anayedai umakini zaidi. Aondolewe matumbo mapema baada ya kuvuliwa na akae kwenye barafu, akatwe vipande vya kimo cha chupa, na awekwe kwenye chupa za nusu lita tu. Vibua, walio na mafuta yao, hufaa sana. Hawaongezwi maji wala mafuta, na chumvi ni hiari. Hukaa kwenye presha dakika 100, na zikiisha, mifupa imelainika kiasi cha kuliwa pamoja na mnofu.